Aliyevaa Kanzu Hasemi

Hapo zamani, mvua nyingi zilizopita, huko Ikombolo kwenye migomba na ukungu wa Rungwe, vijana wawili waligombana mtoni juu ya kanzu moja yenye tope.

“Ungenyamaza tu!” alisema Atupele. Alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anaisugua ile kanzu kama vile ndiyo iliyomkosea. “Kazi yako ilikuwa moja, kunyamaza. Hata mgomba unaweza. Wewe ukashindwa.”

“Ninyamaze wakati mtu ananiita Mungu?” alisema Ambokile.

“Nani akuite wewe Mungu, na masikio hayo?”

“Paji lake la uso lilikuwa juu ya miguu yangu, Atupele. Ile ilikuwa miguu ya nani? Ya baba yako?”

“Mwache baba yangu. Umemwaibisha Bibi Tumpe mbele ya ushirika mzima wa kanisa, kisha ukautupa msalaba njiani kama mzigo wa kuni.”

“Sikuutupa. Niliulaza.”

“Basi uliulaza kwa kishindo. Hata waliokuwa nyuma kabisa walisikia.”

Ambokile alikaa kwenye majani akaitazama miguu yake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku moja imekwisha kupita, lakini alihisi paji lile bado lipo pale, la moto.

Turudi nyuma kidogo, msije mkasema mmefichwa jambo.

Kila Ijumaa Kuu watu wa Ikombolo waliigiza safari ya msalaba, kutoka uwanja wa shule ya msingi mpaka kanisani juu kilimani. Kijana mmoja alivaa kanzu nyeupe akabeba msalaba wa mkaratusi. Na sharti lake lilikuwa hili: aliyevaa kanzu hana jina, aliyevaa kanzu hasemi. Akikanyaga mwiba, hasemi. Mvua ikimpiga, hasemi. Shangazi yake akimwita, hasemi. Wazee walieleza kwamba Yesu ni Mungu kweli na ni mtu kweli, na hakuna kijana wa Ikombolo mwenye kinywa cha kumsemea.

Mwaka ule kanzu ilimwangukia Ambokile, mtoto wa fundi baiskeli. Aliipokea kwa mikono miwili, maana alikuwa na haja yake.

Kila mwaka alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka, mtu mmoja alibisha hodi kwa mchungaji akamwambia kabla ya mwingine yeyote, “Bwana amefufuka!” Mchungaji alifungua mlango akajibu, “Amefufuka kweli kweli!” Hapo ndipo tarumbeta zilipolia, watu wote wakaenda makaburini, na yule aliyebisha hodi akasimama katikati ya makaburi akasoma majina ya wote waliolala mwaka ule. Ni yeye tu aliyeyasoma. Alichaguliwa na wazee wa kanisa Jumamosi jioni, kwa kumkiri Bwana kuliko wengine, na mara nyingi walimchagua aliyebeba msalaba.

Mwaka ule orodha ilikuwa na majina saba. La nne lilikuwa Sekela Mwambene, mama yake Ambokile. Pasaka iliyotangulia msomaji alikuwa na haraka. Alisoma kama mwalimu anayeita majina ya darasa, na jina moja akaliruka kabisa, ndugu wakabaki wanatazamana. Ambokile aliliona hilo. Akaapa moyoni kwamba la mama yake halitarukwa, na kwamba atalisoma yeye mwenyewe, polepole.

Basi Ijumaa ilifika, wakaanza safari. Alikanyaga mwiba, hakusema. Mvua ilimpiga, hakusema. Shangazi yake alimwita kwa jina la utani la utotoni, watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo, hakusema. Wazee wakatazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Walipofika penye daraja la magogo, Bibi Tumpe alitokea kwenye kijia cha migombani. Alikuwa mkunga wa zamani. Nusu ya watu waliokuwa wanaandamana siku ile walizaliwa mikononi mwake. Mgongoni alimbeba mjukuu wake wa kike, Lugano, mtoto wa miaka miwili, aliyekuwa na homa siku ya pili. Bibi aliingia katikati ya njia, akapiga magoti kwenye tope, akainama mpaka paji la uso likagusa miguu ya Ambokile.

“Mungu wangu,” alisema. “Umepita kwangu. Mtazame mtoto huyu.”

Askari wa igizo walisimama na mijeledi yao ya kamba za mgomba. Waimbaji walikatisha wimbo. Atupele alikuwa kati ya wanawake wa Yerusalemu, wale wanaolia njiani. Alimsogelea Ambokile akanong'ona, “Nyamaza. Mwekee mtoto mkono, Bibi aridhike, tuendelee.”

Ambokile alitazama chini. Aliuona mguu wake wa kushoto, wenye kovu la spoku ya baiskeli. Aliziona nywele nyeupe za Bibi zimelala juu ya kovu lile. Akajua kwamba akisema, sharti limevunjika, na jina la nne litasomwa na mwingine. Alijua kabisa. Akafungua kinywa.

“Bibi, inuka. Mimi si yeye. Mimi ni Ambokile tu.”

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Ambokile akaulaza msalaba, akaivua kanzu, ikaanguka kwenye tope, naye akabaki na kaptula yake ya shule. Akamshika Bibi mkono amwinue. Bibi akaukataa ule mkono.

Atupele hakungoja. Alimfungua Lugano mgongoni mwa bibi yake, akamfunga kwa khanga ya igizo, akateremka mbio, peku, mwendo wa saa nzima mpaka zahanati. Jioni alirudi naye. Mtoto alikuwa amechomwa sindano, homa imeshuka, anadai ndizi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Na ndiyo maana Jumamosi jioni wazee wa kanisa walipokutana hawakuweza kuchagua mtu. Waliwaita wote watatu, Ambokile, Atupele na Bibi Tumpe, kila mmoja aeleze alivyomkiri Bwana. Kanisa lilijaa watu mpaka madirishani, na Mchungaji Mwaitenda alikaa kwenye kigoda chake pembeni, anasikiliza.

Ambokile alisimama wa kwanza.

“Wazee wangu, niwieni radhi. Yesu ni Mungu. Kama angekuwa mtu tu, ningenyamaza, kwa maana kumwigiza mtu kuna shida gani? Lakini ni Mungu, na heshima ile ilikuwa yake. Imekuja kwenye miguu yangu. Ningekaa nayo dakika moja zaidi, ningekuwa nimemwibia. Nilijua nitakosa nini. Nanyi mnajua ni nani aliyeandikwa wa nne. Hata hivyo nilisema. Mimi ndivyo nilivyomkiri.”

Akakaa.

Atupele alisimama wa pili.

“Wazee wangu, niwieni radhi. Hapa mmoja alikuwa anamwita Mungu, mwingine anasema si mimi, na katikati yao mtoto anaungua. Mimi sikuwa na muda. Kila Krismasi mnatufundisha kwamba Mungu alizaliwa mtoto, akanyonya, akashikwa na homa kama watoto wengine…”

“Homa haikuandikwa popote,” alikatiza Mzee Mwakifuna.

“Basi alichelewa kunyonyeshwa akalia, mzee. Na hilo utanikatalia?”

Watu wakacheka. Mzee Mwakifuna naye akainama kuficha meno.

“Kama Mungu alikubali kuwa na mwili unaoumia,” Atupele akaendelea, “basi mwili wa Lugano hauwezi kungoja igizo liishe. Njiani kote nilihisi niliyembeba ni Bwana mwenyewe. Mimi ndivyo nilivyomkiri.”

“Lakini binti yangu,” alisema Mzee Mwasomola, “ulimwambia mwenzako anyamaze aitwe Mungu.”

Atupele alikunja pindo la khanga yake. “Nilimwambia,” alisema. “Kwa hilo sina la kujitetea.”

Bibi Tumpe alisimama wa mwisho, ameshika mgongo wa benchi.

“Wazee wangu, niwieni radhi, ingawa na ninyi wengine niliwaosha makalio. Mnadhani sina macho? Ambokile nilimpokea kwa mikono hii. Alitanguliza miguu, alimtesa Sekela tangu jogoo wa kwanza mpaka adhuhuri. Leo nisimjue?”

Ambokile aliinua kichwa.

“Sikumsujudia Ambokile,” alisema Bibi. “Niliiona kanzu inapita, na miguu yenye tope, nikajiambia: kumbe ndivyo ilivyokuwa! Mungu alipita njiani hivi hivi, amechoka, ana tope, na watu walisimama pembeni wakamwona mtoto wa seremala tu. Nikasema, mimi sisimami pembeni. Nikampigia magoti yule aliyepita zamani. Watu walicheka. Na yeye siku ile walimcheka. Mimi ndivyo nilivyomkiri.”

Ambokile akamgeukia. “Mbona hukuniambia, Bibi?”

“Ulinipa nafasi, mwanangu? Ulishaanza kuvua nguo.”

Safari hii walicheka wote, hata Ambokile, lakini macho yake yalikuwa na maji.

Hapo wazee wakaanza kushindana. Mzee Mwasomola alisema, “Abishe hodi kijana. Ndiye aliyelipia ukweli wake.” Mzee Mwakifuna alisema, “Kijana amekataa ibada ambayo hata hakuletewa yeye! Abishe Bibi.” Wanawake wa kwaya walisema, “Na mtoto angekufa mkiwa mnaulizana? Abishe Atupele.” Mwasomola akasema, “Bibi alijua watu wataona nini, mbona alitaka wakwazike?” Wanawake wakasema, “Na kijana aliuacha msalaba njiani, nani aliuokota?” Mwakifuna akasema, “Aliyetaka mtu aitwe Mungu apeleke salamu za Pasaka?” Wakazunguka hapo hapo kama ng'ombe wanaopura ngano, mpaka taa ya kanisa ikaishiwa mafuta.

Mchungaji Mwaitenda akainuka. “Nendeni mkalale,” alisema. “Kesho mmoja atabisha hodi.”

Hakusema ni yupi.

Ambokile alirudi nyumbani hana usingizi. Aliwaza: Bibi hakuniabudu, basi nilimkatalia nini? Kisha akawaza: lakini sikuujua moyo wake, na kama ningenyamaza bila kuujua, ningekuwa mtu gani? Kila alipopata jibu, lile la pili lilikuja likalisukuma. Mwishowe aliamka, akanawa uso, akavaa shati lake la ibada.

Alipofika uani kwa mchungaji, mbingu ilikuwa ndiyo kwanza inafifia weusi. Watu walikwisha kusimama kandokando ya ua. Wapiga tarumbeta walikuwa wanapasha vyuma vyao moto kwa pumzi. Na pale mlangoni walikuwapo Bibi Tumpe na Atupele, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Karatasi ya majina ilining'inia kwenye msumari wa fremu ya mlango.

“Bisha wewe, Bibi,” alisema Ambokile kwa sauti ndogo. “Ila jina la nne usilisome kwa haraka.”

“Kusoma sijui, mwanangu,” alisema Bibi. “Lakini jina la mama yako mimi silihitaji karatasi.” Akamsukuma Atupele begani. “Abishe huyu. Amekimbia peku.”

Atupele aliificha mikono nyuma ya mgongo. “Mimi sithubutu. Kinywa hiki ndicho kilichosema mtu anyamaze aitwe Mungu.” Akamtazama Ambokile. “Bisha wewe. Ni mama yako.”

Ambokile aliinua mkono. Aliusogeza mpaka vidole vikahisi baridi ya mbao. Akaona tena zile nywele nyeupe juu ya kovu lake, akasikia vile vicheko, akamwona Bibi na tope usoni. Mkono ukashuka.

Mlimani ukungu ulianza kuwa mweupe. Jogoo aliwika, akajibiwa na mwingine. Jua halijapata kutoka Ikombolo siku ya Pasaka kabla ya hodi, tangu kanisa lijengwe. Watu uani wakaanza kunong'onezana, na mpiga tarumbeta mmoja akakohoa kwa makusudi.

Ndani, hatua za viatu zilikuja polepole, zikasimama nyuma ya mlango. Komeo halikuguswa. Sauti ya Mchungaji Mwaitenda ikatoka kupitia mbao.

“Nasikia miguu ya watu watatu na sisikii hodi,” alisema. “Habari zao nimezigeuza huku na huku, sikupata pa kuziweka. Ninyi mliosimama uani mmezisikia zote kama mimi, na jua linatoka. Huyu aliyekataa kusujudiwa, huyu aliyesujudu, na huyu aliyembeba mtoto: ni yupi kati yao aliyemkiri Yesu kuwa Mungu? Niambieni ninyi, nani abishe?”