Kamba ya Mpimaji

Nina ngano!

— Itoe, Bibi!

Ina meno!

— Itoe polepole!

Mwenye mkono mrefu?

— Akae nyuma!

Mwenye mkono mfupi?

— Akae karibu na Bibi!

Haya, sogeeni. Wewe Mwanakheri, ziache nywele za mwenzio, utamsuka kesho.

Hapo kale, zamani za kale, wanyama walikuwa na kijiji chao juu ya miamba, kikiitwa Majabalini. Alikuwepo Jumbe Ngedere, mkubwa wa kijiji, mwenye mkia mrefu na maneno marefu zaidi. Alikuwepo Digidigi, alikuwepo Nguchiro, alikuwepo Nungunungu. Na alikuwepo Mama Pimbi na binti yake wa pekee, Kijino. Huyo Kijino alikuwa mtoto wa maswali. Mbona jiwe halina mama? Mbona mvua haipandi juu? Kutwa nzima ni hivyo, mpaka mamake anaziba masikio.

Kijiji hakikuwa na shule, na jambo hilo lilimkera sana Jumbe. Basi siku moja, jua likiwa la utosi, sauti ikatoka katika pango lililo chini ya miamba. Sauti laini, isiyo na haraka.

"Mimi ni Mpimaji. Nileteeni watoto. Atakayefaulu ataingia darasani, humu ndani. Atakayeshindwa atarudi nyumbani akakue."

Jumbe alifurahi mpaka akapiga sarakasi. Hakuuliza Mpimaji ni nani, wala ametoka wapi. Mpimaji akasema mzazi akichungulia, mtoto husahau yote, kwa hiyo wakatundika jamvi mlangoni mwa pango. Chini ya jamvi ikatoka kamba. Kamba nene, ya madoadoa, baridi.

Vipimo vilikuwa vitatu. Cha kwanza, mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Mnacheka nini? Hata mimi nilipimwa hivyo siku ya kuandikishwa shule, nikarudishwa mwaka mzima kwa mkono huu huu mnaouona. Cha pili, mtoto atulie, kamba imzunguke. Cha tatu, aulizwe swali moja tu.

Mtoto wa Jumbe alitangulia. Akashika sikio. Kamba ikamzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, na sauti ikaimba:

*Mkono kichwani, sikio shika,*
*Tulia, mwanangu, nikupime.*

Itikieni!

— Tulia, mwanangu, nikupime!

Hivyo hivyo. Lakini msiupende sana wimbo huo.

Sauti ikauliza, "Una swali?"

"Sina," akajibu mtoto wa Jumbe.

"Amefaulu! Namfungia fundo katika kamba yangu."

Jamvi likainuka, mtoto akaingia, jamvi likashuka. Akaja mtoto wa Digidigi. Una swali? Sina. Fundo. Akaja mtoto wa Nguchiro. Una swali? Sina. Fundo. Wakaingia mpaka wakatimia kumi na wawili. Wazazi wakawa hawaulizani tena habari za asubuhi. Wakikutana kisimani ni, "Wangu ana fundo! Wako je?"

Ikafika zamu ya Kijino. Akanyoosha mkono, ukaishia katikati ya kichwa.

"Arudi nyumbani akakue," ikasema sauti.

Jumbe akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Kijino, umezaa pimbi kwelikweli!"

Kicheko kile kilimchoma Mama Pimbi moyoni. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akawa anamvuta mtoto mkono.

"Mama, unaniumiza."

"Nyamaza. Ndiyo unakua hivyo."

Akampeleka mara ya pili. Mkono ukafika sikioni, kwa ncha ya kidole. Kamba ikamzunguka mara moja, mara mbili. Ghafla Kijino akapiga kelele, "Mama! Kamba inapumua!"

"Ameshindwa," ikasema sauti.

Mama Pimbi akamburura mtoto kwa hasira na aibu. Walipopita kando ya pango wakasikia darasa likisoma: *a, e, i, o, u.* Watoto kumi na wawili, sauti moja. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa.

"Wasikie watoto wenye adabu," akasema Mama Pimbi.

"Mama, mbona hakuna anayekosea?"

Mama Pimbi akaanza kutembea upesi, na manyoya ya mgongoni yalikuwa yamemsimama.

Je, aliacha? Hakuacha! Aibu ni kitu kibaya, wanangu. Usiku ule alimkalisha Kijino akamfundisha. "Ukiulizwa una swali, unajibu nini?"

"Sina."

"Tena."

"Sina."

"Tena."

"Sina, Mama."

Wakaenda mara ya tatu, kijiji kizima kinatazama. Mkono ukafika, sikio likashikwa. Kamba ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, Kijino katulia tuli.

*Mkono kichwani, sikio shika,*

— Tulia, mwanangu, nikupime!

"Una swali?"

Kijino akamtazama mamake. Mamake akachezesha midomo bila sauti: si-na.

"Ninalo moja," akasema Kijino.

Mama Pimbi akafunika uso kwa mikono.

"Mwalimu, sisi sote tumeshika masikio yetu. Na wewe lishike lako, tuone."

Jamvi halikutikisika. Kisha sauti ikasema polepole sana, "Swali hilo halipo."

"Lishike tu, Mwalimu."

Kamba ikakaza. Kijino akatoa mlio mkali, mlio uliopasua miamba. Mama Pimbi akafunua uso, akaona macho ya mwanawe yamemtoka, na akaona jambo jingine: hakuna aliyekuwa akiivuta ile kamba. Ilikuwa inajikaza yenyewe.

Akasahau aibu, akasahau Jumbe, akairukia, akazamisha meno yake yote mawili marefu. Kamba ikatoa damu. Kijino akachomoka.

"Ivuteni!" akalia Mama Pimbi. "Tumwone anayeishika!"

Wakavuta. Jamvi likaanguka. Likatoka fundo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kumi na mbili, na kila fundo lilikuwa na ukubwa wa mtoto. Wakavuta wakitafuta mkono ulioishika kamba. Mkono haukuwepo. Kamba iliishia kwenye kichwa, na kichwa hakikuwa na masikio.

Alikuwa Chatu.

Nungunungu akamchoma miiba mpaka akakata roho, wakampasua tumbo. Watoto wakatoka wazima, wote kumi na wawili. Wakajipanga mstari. Kila mmoja mkono kichwani, kashika sikio, macho hayapepesi.

Jumbe akamkimbilia mwanawe. "Mwanangu, una njaa?"

"Sina."

"Una kiu?"

"Sina."

"Una baba wewe?"

"Sina."

Jumbe Ngedere, mwenye maneno marefu, akakaa chini akalia kama mtoto mchanga.

Nani aliwaponya? Mganga? Hapana. Kijino alikaa nao juu ya jabali siku baada ya siku, akiwauliza. Mbona jiwe halina mama? Mbona mvua haipandi juu? Hakuna aliyejibu. Akauliza, akauliza, mpaka siku moja mtoto wa Jumbe akashusha mkono taratibu, akasema, "Kijino, mbona ile kamba ilikuwa inapumua?"

Kijiji kikapiga vigelegele kutwa nzima. Mama Pimbi akauchukua ule mkono mfupi wa mwanawe, akaukanda kwa mafuta, hakuuvuta tena maisha yake. Na mpaka leo mkimsikia pimbi akilia kwenye miamba, msimfukuze. Anauliza.

Funzo lake ni hili: mtoto anayeuliza hajashindwa. Na nyinyi mtakapokuwa wazazi, akija mtu kuwapima wanenu, mpimeni yeye kwanza.

Ngano yangu nimeing'oa meno, nimeirudisha pangoni. Mna maswali?

— Tunayo, Bibi!

Haya. Sasa naweza kulala.