Kalunguyeye Watano wa Mujinga

Majira ya baridi ya mwaka 1992 yaliingia Brussels na ukungu uliokaa juu ya mapaa ya mtaa wa Laeken kama moshi uliokosa pa kwenda. Jua lilichomoza likiwa limechoka, likatua kabla watu hawajalizoea. Katika nyumba moja ya kupanga ya ghorofa ya chini, chumba cha nyuma kilitoa harufu kali iliyowafanya wageni wakunje pua. Humo, ndani ya masanduku ya mbao yaliyotandikwa magazeti na nyasi kavu, Mujinga alikuwa akilea kalunguyeye watano.

Kalunguyeye ni mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, asiyezidi ngumi mbili za mtu mzima. Huko Ulaya hulala usingizi mzito wakati wote wa baridi, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Anayezaliwa mwishoni mwa msimu wa joto hana akiba hiyo; akilala, haamki. Madame Godelieve, bibi wa Kibelgiji aliyekuwa akiwaokota watoto kama hao katika bustani za mtaa, alikuwa amejaza nyumba nzima mwaka ule. Mujinga, aliyemfanyia usafi, akajitolea kuwachukua watano hadi baridi iishe, ndipo warudishwe vichakani.

Mumewe, Kalenga, hakuliafiki jambo hilo. Alikuwa mwosha tramu, mtu mchangamfu, mwenye neno jepesi kwa kila jambo zito.

"Bantu banalia njaa, weye unapikia panya ya miiba," alisema akicheka, kwa Kiswahili cha kwao. "Kulisha banyama tano, njo kazi inakuchokesha?"

Mujinga aliendelea kuponda chakula chao. Lilikuwapo jambo jingine lililomlemea. Wote wawili walitoka Likasi, mji wa migodi wa Katanga, lakini Kalenga alikuwa Mkatanga, na Mujinga binti wa watu wa Kasai, mkoa wa jirani. Mwaka ule watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa Likasi kama wageni, jirani akimgeuka jirani. Mama yake, mjane aliyeitwa Ngalula, alikuwa ametolewa nyumbani kwake na kifurushi kimoja kichwani, akawa analala kwenye kituo cha reli katikati ya umati, akisubiri treni isiyokuja.

"Bon, anarudia kwabo," Kalenga alimwambia mezani, akimega bukari, ugali wa kwao. "Train itakuya, atapanda, atafika. Unalia nini?"

"Kwabo wapi? Alizaliwa Likasi. Kasai hajakanyagaka hata siku moja."

"Alors, atakanyaga sasa."

Mujinga akaacha chakula, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Ngalula hakuikanyaga Kasai. Kabla ya Krismasi, binamu yake Hilaire alipiga simu kutoka Lubumbashi, akasema mama amefariki palepale kituoni kwa kuhara, na kwamba waliokufa siku ile walizikwa pamoja, harakaharaka. Mujinga aliangusha mkono wa simu, akakaa sakafuni kama gunia lililotobolewa. Kalenga alimpa pole. Aliketi na waombolezaji waliokuja, akawamiminia chai. Lakini walipokwisha kuondoka, alisema kwa sauti ya mtu anayefunga duka:

"Ni mapenzi ya Mungu. Mama alikuwa muzee. Donc, ukaze roho."

Mkewe alimtazama kana kwamba anamwona kwa mbali. Kesho yake alifunga mkoba aende Liège kwa dada yake Rolande, wamlilie mama yao pamoja.

"Banyama nakuachia," alisema mlangoni. "Chumba isipoe. Masanduku, safisha kila asubui. Ule mudogo hajue kula peke yake, umupe na seringue."

"Ni banyama tano tu. Wende na amani."

Kazi aliyoiona ya kitoto ilimtoa jasho. Wale wanyama walipindua vibakuli, wakakanyaga kinyesi chao wenyewe na kujipaka hadi kwenye miiba. Kalenga alirudi kutoka kazini vidole vimekufa ganzi kwa maji ya baridi, kisha ikambidi avae glavu, akwangue, afue, abadilishe magazeti, ndipo ampakate yule mdogo na kumdondoshea kwa bomba la sindano chakula kilichopondwa, tone kwa tone, naye akijikunja kuwa mpira wa miiba na kugoma. Kiuno kilimuuma. Siku moja alianza kujiuliza Mujinga aliyawezaje haya yote, juu ya kazi yake na juu ya hofu ya mama yake. Swali hilo hakulifikisha mwisho.

Asubuhi moja harufu ilimshinda. Akafungua dirisha ili chumba kipate hewa, akaenda kazini, akasahau. Siku hiyo baridi ilikuwa ya kukata kama wembe. Hata maji ya mfereji wa jiji yalishika barafu kingoni. Jioni alipoingia, chumba kilikuwa kama jokofu. Wanne walikuwa wamejichimbia ndani kabisa ya nyasi zao, wanahema. Yule mdogo alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Alimtia ndani ya koti, akakimbia hadi kwa Madame Godelieve, mtaa wa pili. Bibi alimlaza juu ya chupa ya maji ya moto, akamsugua tumbo polepole, akainama kumsikiliza. Halafu akamfunika kitambaa.

"Amekwisha," alisema kwa Kifaransa. Hakugomba. "Mkeo amejua?"

"Yuko Liège. Kwenye msiba."

"Najua. Ni hapa alipokuwa akilia." Bibi alionyesha karo la kuoshea. "Muda wote ule mama yake alipokuwa kituoni, alikuja mapema kuliko saa yake, akasugua masanduku yangu huku machozi yakimtiririka. Nilimwambia arudi akapumzike nyumbani. Akaniambia nyumbani hakuna pa kulilia."

Kalenga alimchukua mnyama na kitambaa chake. Aliomba koleo, akatoka bustanini, akachimba chini ya ua wa miti. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, na kishimo kile kidogo kilimtoa malengelenge.

Aliporudi nyumbani alipiga simu Liège.

"Ule mudogo amekufa," alisema. "Ni miye. Niliacha dirisha wazi."

"Ulimuzika?" Mujinga aliuliza.

"Nilimuzika. Mu jardin ya madame."

"Basi yeye iko na kaburi. Mama yangu, sijue hata bamemutia wapi."

Kalenga aliishika simu kwa mikono miwili. Alikumbuka bukari, alikumbuka maneno yake mezani, na aibu ikampanda kama homa. Akalia kwa kwikwi. Upande wa pili Mujinga alimsikiliza bila kumbembeleza, wala hakukata simu.

Wale wanne waliobaki Kalenga aliwalea kama mboni ya jicho. Mujinga alirudi baridi ilipoanza kulegea, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Asubuhi Kalenga alisafisha masanduku, jioni Mujinga alilisha, na katikati yao maneno yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi. Miti ilipochipua, waliwabeba hadi bustani ya Madame Godelieve, wakayalaza masanduku ubavu chini ya ua. Mmoja baada ya mwingine, kalunguyeye walinusa hewa, wakaingia majanini, wakapotea. Hakuna aliyegeuka nyuma.

"Unielezee mama," Kalenga alisema. "Namna alikuwa."

Mujinga alikuwa akitazama yale majani.

"Leo hapana," alijibu. "Pengine siku ingine."

Akaokota masanduku matupu. Kalenga alinyoosha mikono ampokee, Mujinga akakataa, akatangulia kuelekea nyumbani. Mumewe alimfuata nyuma. Alikuwa ameupima msiba wa mkewe kwa mdomo tu na kuuona hauna uzito. Sasa, kwa kuchelewa, alijua kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi kwa asiyeubeba tu.