Moto wa Mwalimu Nyaboke

“Asiyeomba moto angali njiani.” Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana juu ya mpangaji mpya, nanyi wajukuu mkacheka, mkauliza ni nani aombaye moto siku hizi. Kaeni vizuri. Chanzo cha methali hiyo ni hiki.

Katika kijiji cha Itowelo, kwenye vilima vya Njombe ambako umande wa mwezi wa saba huganda juu ya majani, alifika mwalimu wa kujitolea kutoka Kenya. Jina lake Nyaboke, binti wa Kisii. Shirika lililomtuma lilimpangia shule shikizi, yaani darasa moja lililojengwa ili watoto wadogo wasilazimike kuvuka mto kwenda shule kubwa.

Nyaboke alilelewa na mama aliyeamini kwamba mtu mwenye heshima habishi mlango wa jirani kuomba kitu. Kwa hiyo alikuja na kila kitu: jiko la mafuta ya taa, sufuria, chumvi, sukari, na pakiti nzima ya viberiti. Aliwaamkia wote, akajifunza kusema “kamwene” kama wenyeji, lakini hakuomba hata kijiko. Jioni alipika, akala, akafunga mlango kwa sababu ya baridi. Moyoni aliridhika kwamba hakuwa mzigo kwa mtu.

Juma la kwanza watoto walijaa darasani. Kisha wakaanza kupungua. Huyu alipelekwa kuchimba viazi vya bondeni, yule aliachiwa mdogo wake amlee. Nyaboke aliwatembelea wazazi nyumba kwa nyumba. Alipewa kiti kilichofutwa vumbi, akapewa chai, akasindikizwa hadi barabarani. “Tutaona, mwalimu,” walimwambia, na kesho yake benchi lilikuwa tupu vilevile. Mratibu wa shirika alikuwa ametuma salamu kwamba, akija mwisho wa mwezi akakuta darasa halina watu, atamhamishia mwalimu kijiji kingine, na shule shikizi itafungwa. Nyaboke aliwawazia wale wadogo na ule mto.

Jumamosi moja alivuka ua akaenda kwa jirani yake, bibi mjane aitwaye Semgaya, aliyekuwa akimenya viazi kando ya mafiga.

“Kamwene, bibi.”

“Kamwene, mwanangu. Karibu kiti, mgeni.”

“Bibi, mimi bado ni mgeni? Nipo hapa tangu mwezi wa saba.”

“Upo. Hata malori ya mbao huwapo hapa, mvua ikiyakwamisha. Hatujayaita wanakijiji.”

Nyaboke hakujua acheke au akasirike. “Nimewakosea nini? Nimemtukana nani?”

“Hujamtukana mtu. Wala hujamwomba mtu. Ndiyo taabu yako.” Semgaya akawatupia kuku maganda. “Moto wako wa kwanza uliutoa wapi?”

“Kwenye kiberiti, bibi.”

“Kiberiti ni cha ukoo gani?”

Nyaboke akavuta kiti karibu na mafiga.

“Hapa kwetu,” bibi akaendelea, “anayehamia huja na kigae mlangoni kwa jirani, akaomba kaa la moto. Hata mwenye duka aliomba, naye anauza viberiti. Jioni uliyofika nilikuwekea kaa, likazimika. Nikakuwekea tena. Nikasema basi, huyu anapita. Kabla yako walikuja walimu wengine, nao hawakuomba, na wa mwisho aliondoka watoto wakiwa katikati ya herufi. Mzazi gani amkabidhi mpita njia mtoto wake?”

“Lakini kwetu kuomba ni aibu.”

“Hata huku ni aibu kidogo. Ungeomba bila aibu, tungejuaje kuwa unatuhitaji?”

Nyaboke alirudi kwake bila kaa. Kufundisha hakukuwahi kumlemea kama jambo lile, kwa maana alitakiwa kuiweka chini heshima aliyoibeba tangu utotoni. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, alishika kigae, akapita mbele ya macho yao, akasimama mlangoni pa Semgaya. Shingo ilimwuma kwa kujizuia asigeuke.

“Bibi, naomba moto.”

“Kwani viberiti vyako vimelowa?” Semgaya aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi njiani, na watu wakacheka.

“Vipo, na ni vikavu. Naomba moto wako.”

Bibi akamchagulia makaa makubwa. Nyaboke akayabeba taratibu, moshi ukimwingia machoni, akawasha kuni nyuma ya chumba chake. Wanawake walimfuata. Mmoja alimkosoa namna ya kupanga kuni; mwingine akampakatisha mtoto mchanga bila kumwuliza, akaenda zake kuteka maji. Jua halijazama, Mzee Ngole, aliyekuwa wa kwanza kumwondoa binti yake darasani, akaja kuomba chumvi. Chumvi alikuwa nayo nyumbani, na kila mtu alijua. Jumatatu binti yake alikuwa kwenye benchi, na kabla ya juma kwisha wengine walikaa sakafuni kwa kukosa nafasi.

Mratibu alipofika alisimama mlangoni akihesabu waliokaa sakafuni.

“Mwalimu, umetumia mbinu gani?”

Nyaboke alifungua kinywa, lakini Mzee Ngole, aliyekuwa amekuja kurekebisha benchi, akamtangulia.

“Hakuna mbinu, bwana. Mlipokuwa mkituma salamu zenu, huyu alikuwa hajafika. Asiyeomba moto angali njiani.”

Neno hilo likavuka mto, likashuka na wauza viazi hadi masokoni. Leo huambiwa bibi harusi anayejifungia ndani, mtumishi aliyehamishwa, na kila anayetaka kuishi kati ya watu pasipo kuwahitaji. Mnaweza kumpa kiti, mkampa chai, mkamsindikiza hadi barabarani. Asiyeomba moto angali njiani.