Bi Kazija na Watoto Walioelekezwa Ukutani

Palikuwa na sultani, jina lake Mahfudhi, aliyependa kushukuriwa kuliko alivyopenda kula, na kula alikupenda sana. Mwaka mmoja mvua ziligoma. Mashamba yakakauka, watoto wakawa wanasinzia chuoni kwa njaa, mwalimu akabaki anaisomesha mikeka. Sultani alipoambiwa akatoa amri njema, tusimnyime sifa yake: uani kwa chuo lipikwe sufuria kubwa la wali na kunde kila adhuhuri. Wenye nacho wachangie kidogo, wasio nacho wale bure.

Mji mzima ukamwombea dua. Lakini watu wakishazoea kushiba husahau kushukuru, na Sultani akaona dua zinapungua. Akatoa amri ya pili: kila mtoto alaye bila kulipa aelekee ukutani, na kabla ya tonge la kwanza anadi kwa sauti, "Mimi maskini, nakula cha Sultani!"

Sasa palikuwa na mjane mmoja, Bi Kazija, kazi yake kufua na kupiga pasi nguo za watu, na ulimi wake ulikuwa moto kuliko hiyo pasi. Binti yake Mize alikuwa akirudi kutoka chuoni kila siku akisema ameshiba. Siku moja mtoto akaanguka kwa njaa kando ya kisima, ndoo huku, yeye kule.

"Umeshiba nini wewe?" mama akamwuliza.

Mize akaanza kulia. "Siendi tena kwenye sufuria, mama. Wenzangu wananiita Cha Sultani."

Jioni Bi Kazija akapita kwa mama za watoto wengine wanaokula bure, akawanong'oneza mawili matatu, akarudi kulala.

Kesho yake adhuhuri akaingia uani kwa chuo na furushi lake kichwani. Akawageuza watoto wote ukutani, hata mtoto wa Bwana Sheriali, tajiri wa vitambaa. Sheriali akakimbilia kwa Sultani, pindo la kanzu mkononi. Askari wakaja, wakamkamata Bi Kazija pamoja na furushi lake, wakampeleka barazani.

"Wewe ndiye uliyemgeuza mtoto wa Sheriali?" Sultani akanguruma.

"Ndimi, Maulana. Nimetekeleza amri yako. Nilimwuliza, 'Umelipa?' Akasema hajalipa kitu."

"Huna akili wewe! Baba yake kamlipia!"

"Kumbe akilipa baba inatosha?"

"Inatosha!"

"Na wangu mimi, baba yake kafariki. Chakula chake kalipa nani?"

"Mimi!" Sultani akajipiga kifua.

"Kwa hiyo, Maulana, wewe ndiye..."

"Ndiye baba yake! Mimi ndiye baba wa watoto wote wa mji huu!"

Wazee wa baraza wakapiga makofi. Sultani akatabasamu, akayapokea kama mtu anayekandwa mgongo.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Kazija. "Baba kalipa. Mbona basi mtoto kaelekezwa ukutani?"

Makofi yakakatika. Sultani akashika ndevu.

"Kwa sababu... kwa sababu baba ana haki ya kuwaketisha wanawe apendavyo!"

"Hapo sina neno. Baba ana haki zake." Bi Kazija akalitua furushi, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya ukuta. "Na mama naye ana zake. Chumba changu kipi, Maulana?"

"Chumba gani?"

"Cha kulala. Mtoto tunaye, na baba umekiri mbele ya wazee. Au nilale uwanjani?"

Nyuma ya pazia, mahali mke wa Sultani alipozoea kukaa akisikiliza mashauri, bangili ziliacha kulia. Kikasikika kikohozi.

Sultani akacheka kicheko kikavu. "Hunitishi, bibi. Uko mmoja tu, na sheria imeniruhusu wanne."

"Mmoja, Maulana? Hebu chungulia nje."

Akachungulia. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake, kila mmoja na mkeka wake kwapani, na wengine walikuwa wameshaanza kubishana nani atalala upande wenye upepo.

Kikohozi cha pili kikaja, kirefu kuliko cha kwanza. Jasho likamtoka Sultani hadi kilemba kikalegea.

"Amri nimeifuta!" akapiga kelele. "Hakuna ukuta, hakuna kunadi! Watoto wale pamoja, waketi watakavyo, na asiulizwe mtu nani kamlipia. Umeridhika?"

"Nimeridhika, Maulana."

"Basi chukua furushi lako uende kwako. Sasa hivi!"

Bi Kazija akavaa viatu vyake pole pole, akajitwika furushi, akaenda mpaka mlangoni. Pale akasimama, akageuka.

"Naenda, Maulana. Nipe talaka yangu kwanza."