Mrithi wa Kabeya Jikoni

Palikuwa na mpishi wa keki pale Arusha, Kabeya, Mkongo mwenye ulimi laini kuliko siagi yake. Bosi wake, Mnzava, alikuwa na hasira za karibu: keki ikiungua kidogo tu, ilimrukia mpishi usoni.

Ikatoka kanuni mpya: mtaalamu wa kigeni amfundishe raia, na raia huyo akiajiriwa, mgeni afunge virago. Mnzava alifurahi hadi akaimba. Sasa angepata mwenyeji kwa bei chee.

"Fundisha, halafu urudi kwenu!"

"Nimchague mimi mwenyewe, bosi?"

"Yeyote! Mradi ni raia na kazi anaijua."

Kabeya akawa anafundisha jioni, bosi akishaondoka. "Mwanafunzi wangu anakuonea haya," alieleza.

Siku ya ukaguzi, afisa wa kazi alionja keki, akalamba vidole. "Huyu kaiva. Hebu aitwe."

Akatoka jikoni mama mtu mzima, kavaa aproni, unga puani. Mnzava aliruka kitini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka kukaa bure nyumbani kwenu. Nianze lini kazi? Nasikia ukikasirika hapa unarusha keki."

"Sirushi, mama!"

"Basi unamwajiri?" afisa akauliza.

Mnzava alitazama vidole vya miguu yake. "Afisa," akanong'ona, "huyo Mkongo muongezee kibali. Kama kipo cha maisha, mpe hicho."

"Na keki ikiungua, bosi?" Kabeya akauliza kwa upole.

Mnzava akamtupia jicho mama mkwe. "Nitaila mimi."