Daktari Aliyeambiwa Aonje

Leteni masikio! Tumeyaleta! Yashikeni basi, yasikimbie.

Kijiji kimoja hakikuwa na dawa hata ya mafua. Akatokea daktari wa kujitolea, koti jeupe mpaka visiginoni, akatibu watu bure kwa chupa moja ya kijani. Viwete wakacheza ngoma.

Bibi Nyamizi, mwenye kikohozi cha miaka saba, hakushangilia. Mbona kila aliyepona alipandishwa kwenye mizani? Na mbona daktari alipominya mapaja ya watoto wanono, mate yalimtoka?

Zamu yake ikafika. "Kunywa, bibi."

"Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza, mjukuu wangu. Onja."

"Mimi siumwi."

Kesho yake: "Kunywa, bibi."

"Onja kwanza."

"Nimefunga."

Siku ya tatu foleni nzima ilikunja mikono. "Onja kwanza!" Daktari akaona windo lote linamponyoka. Akafumba macho, akameza.

Pu! Mkia ukadondoka chini ya koti, kucha zikafuata. Kumbe ni zimwi! Aliwaponya watu kwa kuwa nyama ya mgonjwa ni chungu. Ila dawa yenyewe ilikuwa ya kweli, ikamponya hata uzimwi. Akaketi akilia, akaomba uji.

Nyamizi akanywa, kikohozi kikakoma. Daktari yupo kijijini hadi leo, anatibu vizuri. Lakini kila asubuhi hukuta mtu mlangoni, chupa ya kijani mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, onja."

Hadithi nimeitua hapa. Atakayeiokota, aionje kwanza.