Fisi na Pembe ya Kushoto ya Chura

"Jamani, masikio yapo?"
"Yapo!"
"Yako wazi?"
"Wazi kabisa!"
"Basi ngano iingie."

Kulikuwa na Fisi, mpasuaji wa mwituni. Kichwa kikiuma, chake. Uti wa mgongo ukiuma, wake. Mshipa wa fahamu ukishtuka, wake. Chombo chake kilikuwa shoka, kacha! kacha! Na kila kipande alichokitoa alikitafuna mwenyewe, eti asichafue mazingira.

Kuchakulo, kindi mdogo, alijua kazi moja tu: kuchomoa miiba ya kisogoni kwa meno yake membamba. Lakini Fisi alimkataza kugusa mgonjwa yeyote.

Siku moja Mama Digidigi akaja mbio na mwanawe. Mwiba umezama kisogoni. Mtoto akisimama, pu! anaangukia kushoto. Akisimama tena, pu!

"Mlaze hapa," Fisi akasema, mate yakimtoka. "Nitafungua kichwa chote, kisha nitautafuta."

Kuchakulo, aliyekuwa pembeni, akaona hatari. Shoka likishuka, mtoto hayupo tena. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unataka nini, we kidudu?"

"Naona haya kusema. Huko milimani wanakucheka. Wanasema kichwa kizima hupewa mwanafunzi. Bingwa hupewa sehemu ndogo tu."

Fisi akashusha shoka chini. "Ndogo kiasi gani?"

"Yupo bingwa wa paji la uso tu."

"Nataka ndogo zaidi!"

"Yupo bingwa wa mshipa wa sikio."

"Ndogo zaidi!"

"Basi imebaki moja, Daktari, haijapata mtu. Pembe ya kushoto ya chura."

"Na ya kulia?"

"Ya kulia ni ya msaidizi wako."

"Yangu! Yangu!" Fisi akaruka. "Na hiki kisogo?"

"Aa, utajishushia hadhi, mzee."

"Kweli. Chukua wewe!"

Kuchakulo akamwinamia mtoto. Akavuta polepole, polepole... chwa! Mwiba ukatoka. Mtoto akasimama. Akayumba kushoto. Mama akafumba macho. Mtoto akayumba kulia, akasimama wima, akaomba kunyonya.

Fisi naye akafungua zahanati yenye kibao kikubwa. Kila chura akipita, humchungulia utosini.

"Bado haijaota?"

"Bado, Daktari."

"Ikiota, usiende kwingine!"

Ngano yangu imechoka, imejilalia. Funzo lake ni hili: wanangu, mkiugua msihangaike na akina Kuchakulo. Nendeni kwa Fisi. Tangu awe bingwa, hajafiwa na mgonjwa hata mmoja.